Zabibu si Ndizi: Kupima Sukari Kabla ya Kuvuna na Kukamua Divai

Maneno ya Bwana Shamba kwa wakulima wa zabibu wa Dodoma



Nawashukuru kwa kuziacha kazi zenu asubuhi hii mkaja kukaa hapa chini ya mti kunisikiliza. Najua kwamba zabibu zenu zimekwisha kupata rangi, na kila mmoja wenu ana haraka ya kurudi shambani kufukuza ndege. Kwa hiyo sitasema maneno mengi yasiyo na kazi. Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo moja tu, nalo ni namna ya kujua kwa kipimo, wala si kwa kubahatisha, kwamba zabibu zimefikia utamu unaofaa kukamuliwa divai.

Chombo cha kazi hiyo ni hiki nilichokishika. Ni kifupi kuliko shibiri, tena ni chepesi, na kila mtu atakishika kwa zamu kabla hatujaachana. Jina lake ni rifraktomita. Wengi wenu mmezoea kukiita kipima-sukari, nami nitakiita hivyo.

KWA NINI TUPIME

Ndizi ukiikata mkungu ukiwa mbichi, ukaifunika ndani kwa siku chache, itaiva na kuwa tamu. Embe nalo ni hivyo hivyo. Sababu yake ni kwamba matunda hayo yana wanga ndani yake, na wanga ule hugeuka kuwa sukari hata baada ya tunda kutengwa na mti wake.

Zabibu si ndizi. Zabibu haina akiba ya wanga. Sukari yake hutengenezwa na majani kwa nguvu za jua, kisha hupita katika tawi na kuingia katika punje. Siku ile unapokikata kishada, mlango umefungwa. Utamu uliomo ndio huo huo. Hautaongezeka hata ukizifunika zabibu wiki nzima. Zitanyauka tu, au zitaoza.

Kwa hiyo siku ya kuvuna ni siku ya uamuzi usiorudi nyuma. Umepogoa, umepiga dawa, umepalilia na kumwagilia kwa miezi mingi, na kazi yote hiyo hupata faida au hasara kwa siku moja unayochagua kuingia shambani na mkasi. Wazee walisema, mwenye pupa hadiriki kula tamu. Kwa mkulima wa zabibu methali hii ni kweli kabisa.

Tena sukari ndiyo inayofanya divai. Hamira huila sukari na kuigeuza kuwa kileo. Sukari ikiwa kidogo, kileo huwa kidogo, na divai yenye kileo kidogo ni dhaifu. Haina nguvu ya kujilinda, na hewa ikiifikia hugeuka siki upesi.

Wengine watasema, “Bwana Shamba, sisi tunaonja kwa ulimi.” Ulimi ni mzuri, nami siwakatazi kuonja. Lakini ulimi hudanganywa. Zabibu ina sukari na ina ukali wa asidi, na ukali ukipungua, ulimi hudhani sukari imezidi, kumbe imesimama pale pale. Tena mtu aliyetoka kunywa chai ya sukari hataonja sawa na mtu mwenye njaa. Rangi nayo hudanganya, maana zabibu nyekundu hupata rangi yake siku nyingi kabla ya kutimia sukari.

KOSA NILILOLIFANYA MIMI

Kabla sijawafundisha, yafaa niwaeleze kosa langu mwenyewe, ili mjue kwamba kuwa na chombo si kujua kukitumia.

Miaka yangu ya mwanzo kazini, mama mmoja, mkulima hodari, aliniita nimpimie zabibu zake. Ulikuwa mwezi wa Machi, na mvua ilikuwa ikinyesha. Mimi nilikuwa na haraka. Nilisimama penye njia, nikachuma punje 3 katika mzabibu wa mwanzo, upande uliopigwa na jua, nikakamua tone nikatazama. Kipimo kilisema nyuzi 22. Nikamwambia, “Mama, vuna.”

Akatafuta vibarua akavuna shamba zima. Tulipokamua na kupima maji yale yote yaliyochanganyika, kipimo kilisema nyuzi 16 na nusu. Divai ilitoka dhaifu, na mwezi wa tatu ikaanza kunuka siki. Mama yule hakunigombeza. Alisema neno moja tu: “Bwana Shamba, wewe ulipima njia, hukupima shamba.”

Neno lile sijalisahau. Chombo hakikusema uongo. Punje zile 3 zilikuwa na nyuzi 22 kweli. Mwongo nilikuwa mimi, kwa kuzifanya punje 3 za kando ya njia ziseme kwa niaba ya shamba zima.

CHOMBO CHENYEWE

Ukitumbukiza kijiti katika bilauri ya maji, utaona kama kwamba kimevunjika pale kinapoingia majini. Kijiti hakikuvunjika, nuru ndiyo iliyopinda. Sasa, maji yakitiwa sukari, nuru hupinda zaidi, na kila sukari inavyozidi ndivyo nuru inavyozidi kupinda. Kipima-sukari hupima kule kupinda kwa nuru. Mjerumani Ernst Abbe, wa mji wa Jena, ndiye aliyetengeneza vyombo vya namna hii katika miaka ya 1870. Vyombo hivi vya mkononi vinafanya kazi kwa kanuni ile ile.

Kitazameni. Mbele pana kioo kilichokatwa mshazari, na juu yake kifuniko chembamba kinachoona. Nyuma pana tundu la kutazamia, lenye pete ya kuzungusha ili macho yaone vizuri. Juu, karibu na kioo, pana skrubu ndogo ya kusahihishia.

Ukitazama ndani utaona duara lenye safu ya namba. Sehemu ya juu ni ya buluu, na sehemu ya chini ni nyeupe. Pale buluu inapokutana na nyeupe, ndipo pa kusoma. Namba hizo huitwa nyuzi za Briksi, kwa jina la Mjerumani Adolf Brix. Maana yake ni nyepesi: maji ya zabibu yakiwa na nyuzi 20, katika kila gramu 100 za maji hayo mna kiasi cha gramu 20 za sukari. Vimo na vitu vingine vidogo vilivyoyeyuka, lakini katika zabibu iliyoiva karibu vyote ni sukari.

Mtakaponunua, angalieni mambo mawili. Kwanza, chukueni chenye namba kuanzia 0 hadi 32. Viko vingine vya wafuga nyuki, vya kupimia asali, ambavyo huanza karibu na 58. Hivyo havitaonyesha kitu katika zabibu. Pili, vingine vina safu mbili au tatu za namba. Someni ile iliyoandikwa Brix, msichanganye.

KUSAHIHISHA CHOMBO

Kila siku kabla ya kupima, sharti chombo kisahihishwe, kama vile mwenye duka anavyotazama mizani yake kama imesimama sawa kabla ya kuweka mzigo.

Fungua kifuniko. Tia matone 2 au 3 ya maji safi yasiyo na chumvi juu ya kioo. Maji yaliyotoneshwa ndiyo bora. Usipoyapata, maji safi ya mvua uliyoyakinga vizuri yatafaa. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, usiyatumie. Funga kifuniko, uangalie maji yaenee kote bila mapovu wala pengo. Ngoja nusu dakika. Elekeza chombo kwenye mwangaza, lakini usikielekeze kwenye jua lenyewe, maana utaumia macho. Mstari sharti uwe kwenye 0. Usipokuwa hapo, zungusha skrubu polepole mpaka ufike. Kisha pangusa kioo kwa kitambaa laini.

Jambo la joto msilidharau. Vyombo hivi vimetengenezwa kupima kwa joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Vingine hujirekebisha vyenyewe joto likibadilika, na vingine havijirekebishi. Ukikisahihisha chombo kisichojirekebisha asubuhi yenye ubaridi, kisha ukakitumia mchana wa jua kali, huweza kupunguza kipimo kwa karibu uzi mmoja mzima. Dawa yake ni rahisi. Weka chombo, maji ya kusahihishia na maji ya zabibu kivulini pamoja kwa nusu saa, ili vyote viwe na joto moja, ndipo usahihishe na kupima.

KUCHUMA PUNJE ZA KUPIMIA

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo nilipokosea mimi. Kutazama ndani ya tundu ni jambo la dakika moja. Kuchuma punje kwa haki ni jambo la saa nzima.

Punje za shamba moja hazina utamu sawa. Mzabibu wa penye kichuguu na mzabibu wa bondeni penye maji si sawa. Upande wa jua na upande wa kivuli si sawa. Hata katika kishada kimoja, punje za juu, kwenye mabega, na punje za chini, kwenye ncha, huweza kupishana nyuzi 2 hata zaidi. Kwa hiyo fanyeni hivi:

1. Pima kila aina ya zabibu peke yake. Usichanganye zabibu nyekundu na nyeupe. Kama shamba lako lina sehemu mbili zenye udongo mbalimbali, zipime mbalimbali.

2. Acha mistari ya pembeni, na katika kila mstari acha mizabibu ya mwanzo na ya mwisho. Hiyo hupata jua na vumbi kuliko mingine.

3. Pita mistari yote mingine ukichuma katika mizabibu 50. Usichague mizabibu mizuri. Hesabu tu: kila mzabibu wa tano, au wa kumi, kwa kadiri ya ukubwa wa shamba.

4. Katika kila mzabibu chuma punje 2 kutoka vishada viwili. Moja itoke juu ya kishada, nyingine chini. Mzabibu huu chuma upande wa jua, unaofuata chuma upande wa kivuli. Ukimaliza utakuwa na punje 100.

5. Usitazame punje unayoichuma. Jicho hupenda punje nzuri, na mkono hufuata jicho. Ingiza mkono tu, uchume.

6. Chuma asubuhi, umande ukisha kukauka, na kila mara uchume saa ile ile.

Punje 100 hizo zitie katika mfuko safi wa plastiki, uziponde zote kwa mkono mpaka isibaki hata moja nzima. Chuja maji yake kwa kitambaa safi katika kikombe, ukoroge. Chukua matone 2 utie juu ya kioo, funga, ngoja nusu dakika, soma. Pangusa, rudia mara ya pili na ya tatu. Namba tatu zikiwa karibu karibu, jumlisha ugawe kwa tatu. Moja ikiwa mbali na wenzake, maji hayakukorogwa vizuri au kioo kilikuwa na unyevu, anza tena.

Ukifanya hivi umepima shamba, hukupima njia.

KUICHAGUA SIKU YA KUVUNA

Anza kupima wiki tatu kabla ya siku unayodhani kuwa ya mavuno. Mwanzo mara moja kwa wiki yatosha. Ukifika nyuzi 18, pima kila siku ya nne. Kila kipimo kiandike katika daftari: tarehe, nyuzi, na kama mvua ilinyesha au ulimwagilia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tuseme daftari lako linasema hivi:

Tarehe 10 Agosti: nyuzi 17.
Tarehe 14 Agosti: nyuzi 18 na nusu.
Tarehe 18 Agosti: nyuzi 19 na nusu.
Tarehe 22 Agosti: nyuzi 20 na nusu.

Hapo waona kwamba sukari yapanda kiasi cha uzi mmoja kila siku nne. Ukitaka nyuzi 22, zimebaki siku 6, yaani karibu na tarehe 28. Sasa waweza kutafuta vibarua, kuosha mapipa na kununua hamira mapema. Mwenye daftari anamngoja mnunuzi akiwa amejiandaa. Asiye na daftari huvuna siku lori linapopiga honi.

Namba za kufuata ni hizi:

Chini ya nyuzi 18: usivune kwa divai. Ngoja.

Nyuzi 20 hadi 22: zafaa kwa divai nyeupe, kama ile ya Chenin Blanc.

Nyuzi 22 hadi 24: zafaa kwa divai nyekundu, kama ile ya Makutupora Nyekundu.

Zaidi ya nyuzi 25: umechelewa. Ukali wa zabibu umepungua mno, divai itakuwa nzito isiyo na uchangamfu, na hamira huenda ikachoka kabla ya kumaliza sukari.

Kama mnataka kujua kileo kitakachopatikana, zidisheni nyuzi kwa 0.55. Nyuzi 22 zitatoa kiasi cha kileo 12 kwa mia. Nyuzi 16 zitatoa kiasi cha 9 tu.

Kumbukeni kwamba sisi Dodoma tuna bahati ya mavuno mawili kwa mwaka, na mavuno hayo hayafanani. Yale ya Agosti na Septemba huiva wakati wa kiangazi. Sukari hupanda kwa utaratibu, na kazi yako ni kupunguza maji ya kumwagilia zabibu zinapokaribia kuiva. Yale ya Februari na Machi huiva wakati wa mvua. Mvua kubwa hujaza punje maji, na nyuzi hushuka. Ukipima leo nyuzi 20, ikanyesha usiku, kesho huenda ukakuta 18 na nusu. Usifadhaike. Ngoja siku 2 au 3 za jua, upime tena. Lakini hapo yataka kutumia akili: ukiona vishada vinaanza kuoza, ni afadhali kuvuna kwa nyuzi 19 safi kuliko kungojea nyuzi 21 zilizooza. Kipimo ni mshauri. Mwenye shamba ni wewe.

SIKU YA KUKAMUA

Zabibu zikisha kukamuliwa, koroga maji yote vizuri, kisha pima tena kabla ya kutia hamira. Kipimo hiki ndicho cha hakika kuliko vyote, kwa sababu sasa zabibu zote zimesema kwa pamoja. Kiandike ubavuni mwa pipa.

Kama nyuzi zimepungua, waweza kuongeza sukari ya dukani, lakini kwa hesabu. Usimimine tu. Hesabu yake ni hii. Chukua kilo za maji ya zabibu, zidisha kwa nyuzi zinazopungua. Jibu ligawe kwa 100 ukiisha kutoa nyuzi unazotaka.

Mfano: una kilo 20 za maji ya zabibu yenye nyuzi 18, wataka nyuzi 22. Zinapungua nyuzi 4. Ishirini mara 4 ni 80. Mia ukitoa 22 ni 78. Themanini ukigawa kwa 78 ni kilo 1 na kidogo. Hiyo ndiyo sukari ya kutia. Pima maji yako kwa kilo, si kwa lita, maana ndoo ya lita 20 ya maji ya zabibu ina uzito wa kilo 21 na nusu hivi.

Iyeyushe sukari katika sehemu ya maji ya zabibu yenyewe, wala si katika maji ya kisima. Irudishe, koroga, upime tena. Lakini jueni kwamba sukari ya dukani huongeza kileo tu. Haiongezi rangi, wala haiondoi ukali wa zabibu mbichi. Mtu aliyevuna kwa nyuzi 14 hawezi kununua ubivu dukani.

Hamira iwe ya divai, na vyombo vyote vioshwe kwa maji ya moto kabla ya kutumiwa.

DIVAI IKISHA ANZA KUCHACHA

Sasa sikilizeni sana, kwa maana hapa watu wengi huharibu. Kipima-sukari ni cha kupimia zabibu na maji yake kabla ya kuchacha. Yakisha anza kuchacha, kileo kinaingia, na kileo nacho hupinda nuru kwa namna yake. Chombo hakijui kutenganisha kileo na sukari. Divai iliyoanza na nyuzi 22, ikamaliza sukari yake yote, bado huenda kikaonyesha nyuzi 7 au 8. Mtu asiyejua atangojea mwezi mzima sukari hiyo iishe, naye amefungua pipa kila siku na kuingiza hewa mpaka divai imekuwa siki.

Kwa kazi hiyo tumieni haidromita, yaani kile kipimo cha kioo kinachoelea. Kikionyesha chini ya 1.000, na namba isibadilike kwa siku 3 mfululizo, sukari imekwisha. Msitie divai katika chupa na kuziba kabla ya hapo. Sukari iliyobaki huendelea kuchacha ndani ya chupa, na chupa hupasuka. Vigae vyake vyaweza kumtoa mtoto jicho.

KUKITUNZA CHOMBO

Kila ukisha kupima, pangusa kioo na kifuniko kwa kitambaa laini chenye maji safi, kisha kwa kitambaa kikavu. Usikitumbukize chombo chote katika maji. Usikipanguse kwa kanga yenye mchanga, maana mchanga hukwaruza kioo, na kioo kilichokwaruzwa hakionyeshi mstari vizuri. Usikiache juani. Kirudishe katika sanduku lake.

Si lazima kila mtu awe na chake. Kikundi cha wakulima 10 au 15 chaweza kuchanga kununua kimoja. Chagueni mtu mmoja mwaminifu wa kukitunza, na daftari la kuandika nani amekichukua na lini amekirudisha.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mzee mmoja aliuliza: “Bwana Shamba, nikingoja nyuzi 22, ndege na wezi watazimaliza. Si afadhali nivune mapema?”

Jibu: Mzee wangu, hofu yako ni ya kweli. Lakini kipimo ndicho kinachokuonyesha umebakiza siku ngapi za kulinda. Ni rahisi kukesha siku 6 unazozijua kuliko kukesha bila kujua mwisho. Tegeni nyavu, na mpeane zamu za ulinzi. Kama huwezi kulinda kabisa, vuna kwa nyuzi 20, lakini ujue kileo ulichokiacha shambani.

Mama mmoja aliuliza: “Mnunuzi akija na chombo chake akaniambia zabibu zangu zina nyuzi 17, nami nimepima 20, nimwamini nani?”

Jibu: Mama, usimwamini wala usimkatalie. Leta maji safi, vyombo vyote viwili visahihishwe mbele ya watu mpaka visome 0. Kisha chumeni punje 100 pamoja, mziponde katika mfuko mmoja, na kila mmoja apime maji hayo hayo. Kama tofauti ilitokana na chombo, itaonekana. Kama ilitokana na punje alizochagua mmoja wenu, nayo itaonekana. Mwenye daftari la wiki tatu hana haja ya kupandisha sauti.

Kijana mmoja aliuliza kama anaweza kuuza divai anayotengeneza nyumbani.

Jibu: Kutengeneza kwa kujifunza ni jambo moja, na kuuza ni jingine. Kuuza kwataka leseni na ukaguzi wa ubora. Mwone kwanza ofisa biashara wa halmashauri yako. Na jambo la kuichemsha divai ili kutoa pombe kali, msilithubutu. Sheria inalikataza, na watu hufa.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Zabibu haziongezi utamu zikisha kukatwa.
2. Sahihisha chombo kwa maji safi kila siku, kivulini.
3. Chuma punje 100 kutoka mizabibu 50, juu na chini, jua na kivuli.
4. Pima mara tatu, andika katika daftari.
5. Divai nyeupe nyuzi 20 hadi 22. Nyekundu 22 hadi 24.
6. Mvua ikinyesha, ngoja siku 2 au 3, pima tena.
7. Maji yakisha kuchacha, weka chombo hiki, shika haidromita.

Ndugu zangu, mizabibu ililetwa Dodoma na wamisionari, nao waliipanda Bihawana katika miaka ya 1950. Tangu wakati huo imekuwa mali yenu ninyi. Kituo cha utafiti cha Makutupora kipo, na mabwana shamba tupo, lakini siku ya kuvuna hakuna atakayeamua kwa niaba yako. Ukiwa na maswali, usione haya kuja kuuliza. Mimi nimekwisha kukosea kwa niaba ya wengi.

Sasa simameni, tuingie shambani. Kila mtu achukue mfuko mmoja na kuchuma punje zake 100. Nasi tusianzie hapa penye njia.